Sifa, Ulisikia Nusu Tu

Mudogo wangu mupenzi Sifa,

Salamu nyingi katika jina la Yesu na la Mama Maria. Uko namna gani? Mwili uko muzima? Macho yako, yale yaliyokuwa yanatoa machozi kwa moshi, yalipona? Na miguu, Sifa: asubuhi ukiamuka, ingali inakutii? Nauliza hilo mapema kwa sababu huku kwetu siku hizi ndilo tunaloulizana kabla ya mengine yote. Sisi tuko. Mama yuko, amezeeka, anakula kidogo, anasali sana. Binti yangu Bora yuko, anatembea na fimbo zake. Bwana yangu, Papa Bora, anakohoa baridi ikishuka. Mungu anatusaidia. Tumerudi Mushaki, kwetu Masisi, kwenye shamba letu lile lile, na maharagi yamekubali mwaka huu.

Sijui uko wapi, njo maana barua hii sikuifunga. Nimemuomba dereva mumoja wa Butembo, anayeshuka na chumvi mpaka Mubi, aipitishe kwa katekista wa kila kituo, isomwe kwa sauti baada ya sala. Basi ninyi wengine munaosikiliza, munisamehe, haya ni maneno ya muntu na mudogo wake. Lakini musikilize tu, kwa sababu pengine mwanamuke huyo amekaa karibu nanyi kwenye benchi, ameinamisha kichwa.

Sifa, mambo ni haya. Papa mukubwa, kaka mukubwa wa baba yetu, ameamua kukuzika.

Anasema muntu aliyepotea porini bila kaburi hawaachi wazima wakae. Mbuzi zikitupa mimba, ni wewe. Moto ukizimika wenyewe, ni wewe. Maharagi yakishavunwa watakata mugomba, wataufunga ndani ya mukeka kama maiti, wataulilia, na watauingiza ardhini kwa jina lako. Unaijua desturi yetu. Mugomba ukishazikwa, hata ukija kesho yake na mwili wako wote, hakuna atakayekuitikia. Watasema ni kivuli. Mama hataruhusiwa hata kukupa maji ya kunywa.

Padri alikuja kumukataza. Papa mukubwa akamuambia: “Padri, wewe unainua mukate, unasema iko mwili, shiye tunapiga magoti. Miye nikisema mugomba iko mwili, njo inakuwa kosa?” Padri alicheka kwanza, kisha ndipo akakumbuka kukasirika. Na uamuzi ukabaki pale pale. Mimi nikaomba muda, wakanipa mpaka mavuno.

Lakini sitaki urudi kwa kuogopa mugomba. Nataka urudi kwa kuwa siku ile ulisikia nusu ya maneno, ukaondoka nayo kama muntu aliyeondoka na sumu bila dawa yake. Nakuandikia nusu iliyobaki.

Unakumbuka tulipokuwa wasichana, Mama akitutuma kushuka Sake na maharagi? Wewe ulikuwa mudogo lakini ulibeba kama mukubwa, kwa kiburi tu. Tukichoka tulichomoa muhogo katika shamba la muntu kando ya njia, tukaumenya kwa meno, tukaula mubichi, mutamu kama maziwa. Mwenye shamba akituona alipiga kelele ya desturi: “Mukule, lakini muache mashina!” Na unakumbuka chungu chako cha kwanza, Mama alipolala na homa? Uliunguza maharagi mpaka jirani akaja na maji, akidhani ni nyumba. Ukalia. Toka siku ile ukaapa utapika kuliko mwanamuke yeyote wa mulima huu, na ukapika hivyo.

Sisi watu wa mulima tulikuwa tunauamini muhogo. Haukuwahi kutufanyia ubaya. Ule uaminifu ndio tulioshuka nao porini, pamoja na vyungu na watoto.

Vita vilipopanda mpaka kwetu tukakimbilia upande wa Walikale, chini ya ile miti ambayo jua linapita juu yake bila kukuona. Wenyeji walitupokea vizuri, wakatupa mahali pa vibanda na mashamba yao ya zamani. Lakini mihogo yao ilikuwa ile ya uchungu. Mama mwenyeji aliyetuonyesha muto alituambia, wewe nami: “Muiweke ndani ya maji mpaka inuke. Ikinuka njo inakuwa chakula. Kama hainuke, ingali adui.” Ukaninong'oneza: “Dada, huku njo chakula iko kile kinanuka?” Tukacheka mpaka yeye naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Baadaye muto ule ukawa mahali pa hofu. Wenye bunduki walipita, wakakuta mihogo ndani ya maji, wakaibeba, na mwanamuke aliyewakuta pale hakurudi na habari nzuri. Kwa hiyo nyumba nyingi zilianza kuitoa mihogo mbio, ingali ngumu, zikaianika na kuitwanga hivyo hivyo. Kwa desturi ya kwetu, hatukuona ubaya: muhogo ni muhogo. Nyumba zingine zilivumilia, zikaiacha majini mpaka inuke. Na tena, kulikuwa na nyumba zenye muntu wa kutega ao wa kuvua, zikapata samaki, zikapata nyama. Na kulikuwa na nyumba zilizokula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kesho sombe na bugali. Maharagi yetu yalikuwa yamekwisha njiani. Mambo hayo mawili hakuna aliyeyafikiria pamoja. Kila nyumba ilikaa na shida yake.

Asubuhi ile ya kwanza unaikumbuka kuliko mimi, maana ulikuwa umelala kwa Mama Riziki, yule mujane, ukimusaidia na kichanga chake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, kibanda na kibanda havikuonana. Riziki, binti yake mukubwa, aliita kutoka ndani: “Mama, miye nimeamuka, lakini miguu bado!” Mama yake akamujibu: “Iamushe basi, iende kuteka maji!” Mukacheka. Kisha ukamuinua, na miguu ikasimama juu ya vidole, imekazika kama kamba iliyovutwa pande mbili, ikitetemeka, goti likigonga goti. Hakuwa na homa. Hakusikia maumivu. Alilala muzima, na sasa alikuwa anawaangalia kwa macho mazima kabisa, anangoja mumuambie imekuwa nini.

Halafu kitu kile kikaruka. Hilo ndilo lililotutisha. Surua inakwenda nyumba kwa nyumba kama mugeni anayesalimia. Hiki hapana. Kiliruka vibanda, kikaingia kile cha mbele. Kiliwaacha wazee, kikachukua watoto na wamama vijana. Hakikukohoa, hakikuchoma mwili, hakikuwa na harufu. Muntu alirudi kutoka safari na muzigo wake, akalala, akaamuka hivyo, na hakuna aliyepona kabisa. Pole pole kijiji chetu cha vibanda kikapata sauti yake ya asubuhi: ko, ko, ko, fimbo zikigusa ardhi ndani ya ukungu kabla hujaona ni mutoto wa nani. Mbwa hawakubweka. Walikaa wakigeuza vichwa pamoja, pole pole, kama wanamufuata muntu kwa macho, na pale walipotazama hapakuwa na muntu.

Na kila kilipoingia, watu walikumbuka neno moja: Sifa alikuwa hapa.

Ni kweli ulikuwa hapo. Tangu bwana yako afe hukukaa mahali pamoja. Palipo na mwanamuke aliyezaa, palipo na kilio, palipo na mama asiye na watu wake, ulifika, ukatwanga, ukapika, ukaosha vyungu, ukaondoka. Wakakupa jina. Mama Riziki mwenyewe, ambaye ulimulelea kichanga, alisimama katikati ya njia akakuambia: “Mupishi wa miguu! Leo unapika ya nani?” Wengine wakacheka, kile kicheko kibaya cha watu wanaoogopa.

Ulikuja nyuma ya kibanda changu, ukakaa chini, ukanyoosha mikono yako mbele yangu, imepauka kwa unga. “Dada, itazame. Muntu anaweza kuwa na ulozi bila kujua?”

“Nyamaza, sali,” nikakuambia.

“Nasali. Lakini nikimaliza kusali naiona ingali hapa.”

Watu wetu wanasema hivyo, unajua, kwamba kitu cha ulozi kinaweza kulala tumboni mwa muntu kama paka, na mwenyewe hana habari. Papa Bora aliyasikia maneno yako. Si muntu mubaya, ni muntu mwenye watoto. Akakufungia mulango: usiingie, usiguse chungu chetu. Ukaenda kukaa na bibi kizee wa mwisho wa kijiji, ukawa unatupungia mukono kutoka mbali. Mvua zikaja, zikakatika. Halafu asubuhi moja, ndani ya nyumba ile iliyofungwa, Bora wangu aliniita. Nikajua kabla sijamufikia, kwa namna alivyoniita pole pole, kama muntu asiyetaka kuamusha kitu kilicho karibu naye.

Ndipo Anselemi, muganga wa hospitali, alipokuja. Unamukumbuka, yule wa upande wa Butembo, mwenye upara na suruali fupi, aliyekwama kwetu kwa sababu barabara ilifungwa. Dawa zilikuwa zimemuishia. Lakini zamani alikuwa ametembea na daktari mumoja kijiji kwa kijiji, kazi yao kuhesabu magonjwa, akajifunza kuuliza. Na aliuliza! Mulitoa mihogo lini, mulikula na nini, nani alivua. Wazee wakamuchoka. “Muganga, wewe unatibu ao unatafuta bibi wa kuoa? Maswali ya jikoni tu!” Akasema: “Natafuta mwenye anajua kupika. Hapa bado sijaona.” Wamama wakamupigia kelele, naye akafurahi.

Siku ya baraza alichora juu ya ardhi iliyofagiwa mustari mumoja murefu, kisha mwingine ukaukata katikati. Ukawa musalaba mukubwa, kama wa kaburini. Wamama wakarudi nyuma. Wewe ulikuwa umesimama kando ya uzio wa jiko, nilikuona, umeuma ncha ya kitambaa chako.

“Hivi viko vyumba vine,” akasema. “Upande huu, nyumba zenye ziliacha mihogo majini mpaka ikanuka. Upande huu, zenye ziliitoa mbio. Huku juu, zenye zilipata samaki ao nyama. Huku chini, zenye zilikula bugali na majani tu. Kila nyumba ilete jiwe, iweke fasi yake, katika chumba chake. Na nyumba yenye iko na mugonjwa wa miguu, iweke ngazi juu ya jiwe, moja kwa kila mugonjwa.” Alikuwa na kapu la ngazi, yale matunda mekundu ya muchikichi.

“Na shiye wenye hatuna mugonjwa?” muzee mumoja akauliza. “Jiwe letu la nini?”

“Ninyi njo ninawataka zaidi, Papa. Muntu anakumbuka nyumba yenye ililia. Yenye ilinyamaza, nani anaikumbuka?”

Watu wakaleta. Chumba cha samaki na mihogo iliyonuka kilijaa mawe matupu. Chumba cha samaki na mihogo ya mbio kilikuwa na mawe mengi, na ngazi moja imekaa peke yake. Chumba cha bugali mutupu na mihogo iliyonuka, vilevile: mawe mengi, ngazi moja. Na chumba cha nne, cha mihogo ya mbio na sahani isiyo na samaki, kilikuwa chekundu. Muntu hakuweza kuona mawe yake. Nililiweka langu huko, na ngazi ya Bora juu yake.

Muganga akachuchumaa. “Mutazame pamoja na miye. Mawe ya vyumba hivi yanakaribiana kwa hesabu, si vile?” Wakakubali. “Vizuri. Kutoa mihogo mbio, peke yake, kumeleta mugonjwa mumoja. Kukosa samaki, peke yake, kumeleta mugonjwa mumoja. Sasa nyumba zenye ziko na shida zote mbili, tungengoja nini? Mumoja na mumoja. Wawili. Tuseme watatu, Mungu atusamehe. Sasa hii ingine yote…” Akapitisha mukono juu ya wekundu ule bila kuugusa. “Hii ingine yote, nani ameileta?”

Jua lilikuwa wazi siku ile, na bado nilisikia baridi ikipanda kutoka ardhini, ikipita kwenye nyayo. Alikuwa ameuliza swali ambalo wote pale walikuwa na jibu lake tayari. Mama Riziki akalitoa: “Sifa!” Na mwingine nyuma yake: “Sifa!” Nikageuka kutazama uzio. Hukuwa pale.

Hapo ndipo nusu yako inapoishia, mudogo wangu. Sasa sikiliza.

Muganga hakuwakatiza. “Vizuri,” akasema. “Basi muniambie nyumba zenye alipika.” Akachuma majani ya muhogo, akawa anaweka jani chini ya kila jiwe la nyumba uliyopikia. Nyumba zenye wagonjwa walizitaja mbio mbio. Kisha akaanza kuuliza zile zingine, zilizonyamaza, na hapo watu wakakumbuka kwa shida, kama wanachimba.

“Kwa mama wa mapacha, alipika?”

“Alipika.”

“Kwa fundi wa mitego?”

“Wakati wa kilio, ndiyo.”

“Na kwako, Papa?”

Muzee akakohoa. “Mara mingi.”

“Na miguu?”

“Si hii hapa, mizima.”

“Hata miye alinipikia,” muganga akasema, akainuka, akacheza kidogo na ile suruali yake fupi, upara unang'aa. Watu wakacheka wakashindwa kujizuia. Kisha ko, ko, ko, watoto wakaja kuona kinachochekesha, na kicheko kikakatika.

Majani yakaenea, Sifa. Katika vyumba vile vitatu mawe ya nyumba ulizopikia yalilala juu ya majani yao, safi, bila ngazi. Ulipika huko, na hakuna kilichotokea. Na katika chumba cha nne, nyumba zenye jani na nyumba zisizo na jani zilikuwa nyekundu sawasawa. Mama Riziki akainama, akaliinua jiwe langu kutafuta jani lako. Halikuwa nalo, maana porini hukuwahi kupika kwangu. Akanitazama, akalirudisha pale pale. Nyumba iliyokufungia mulango ilikuwa nyekundu kama yake.

“Basi juu ya nini tulimukuta kila mara huko kwa wagonjwa?” akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Nani alikuwa anamuita?” muganga akamujibu. “Mujane. Muzazi. Mwenye hana bwana wa kuvua. Hao njo hawana samaki, hao njo wanaogopa muto. Huyu mwanamuke alifuata njaa. Ninyi munasema ugonjwa njo ulimufuata.”

“Na ile ingine yote? Iko ya nani?”

Muganga akazitazama ngazi. “Haina mwenyewe,” akasema. “Haiko ndani ya mihogo peke yake, mungeiona katika chumba kile. Haiko ndani ya njaa peke yake, mungeiona katika chumba hiki. Iko kati. Inazaliwa hizi mbili zikikutana. Mutoe moja, hata moja tu, itakwenda.”

“Jina lake?”

“Jina lake sijue.”

Nitakuambia ukweli, siku ile niliogopa kuliko nilipokuwa naogopa ulozi. Mulozi ana nyumba, ana jina, ana mahali anapolala. Hiki hakina. Tukisali wawili tunaamini Bwana yuko katikati yetu ingawa hatumuoni. Sikujua kwamba ubaya nao unaweza kukaa katikati ya vitu viwili, ukishika upande huu haupo, ukishika upande ule haupo. Mpaka leo nikipakua chakula jicho langu linakwenda lenyewe pale kati ya chungu na sahani, kama kuna muntu anayengoja. Nilimuambia padri. Akasema ni mawazo. Nikamujibu ndiyo, Padri. Lakini napakua mbio.

Nilikimbia kukutafuta nikuambie. Kwa bibi kizee moto ulikuwa unawaka, bugali ungali unatokota, na mwiko ulikuwa umesimama wima ndani yake, kama mukono umeuachilia sasa hivi. Bibi kizee alikuwa amelala, hakusikia kitu. Nyayo zako zilishuka mutoni, zikaingia majini. Tulitafuta ng'ambo ya pili, juu na chini, mpaka jua likashuka. Hazikutoka.

Baada ya hapo watu walisema mengi. Mumoja alikusikia ukikohoa nyuma ya miti. Mwingine aliona moshi mahali pasipo na kibanda. Nayaacha. Lakini kuna jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu, na ndilo ninalokuuliza.

Asubuhi zilizofuata, tulikuta samaki milangoni. Wadogo, wamekaushwa kwa moshi, wamefungwa ndani ya majani, wamewekwa chini taratibu. Si katika milango yote. Katika ile ya chumba cha nne tu, bila kukosea hata mumoja, na wangu pia. Hakuna aliyesikia hatua. Tuliwauliza wenyeji wa pori. Wakakataa, wakatutazama vibaya, wakatuambia tusiwaguse. Muganga akasema: “Mukule. Samaki haina dini.” Tukawala, wengine wakifanya ishara ya musalaba juu ya sahani. Kisha wanaume wakapanga zamu ya kulinda muto, mihogo ikakaa majini mpaka ikanuka sawasawa, na wavuvi wakagawa na wajane. Hatukukata tena fimbo kwa mutoto mwingine. Wale walioguswa hawakurudi kuwa kama zamani, lakini hakuongezeka muntu juu yao.

Kama ni wewe uliyeleta wale samaki, basi ulisimama mahali karibu, ukasikia vyumba vine, ukajua ni milango gani. Na ukaondoka ulipoitwa jina, kabla ya majani. Kama si wewe, sijui ni nani aliyetulisha, na sitaki kubaki nalo jambo hilo peke yangu.

Dereva huyu wa chumvi ameniambia kuna mwanamuke pale Mubi, anauza mihogo mibichi kando ya barabara. Mibichi tu. Hapikii muntu. Hakubali kushikishwa mutoto wa muntu, na mutoto akimukaribia anaficha mikono ndani ya kitambaa. Dereva akamuuliza: “Mama, wewe si muntu wa Masisi? Unasema kama bale ba mulima.” Akajibiwa: “Miye siko muntu wa fasi yoyote.” Dereva alikuwa anacheka akinisimulia. Mimi nilikaa chini.

Kama ni wewe, Sifa, toa mikono hiyo nje. Ni mikono iliyopika mahali pengi, na palipokuwa na samaki ao mihogo iliyonuka watu walikula, wakashiba, wakatembea. Nimeyaona kwa macho yangu, jiwe kwa jiwe. Hakuna paka ndani yako. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na haraka, na zilikutana katika nyumba ambazo wewe peke yako ulikuwa na moyo wa kuziingia.

Bora amekuwa musichana. Anashona, amekaa kwenye mwanga wa mulango, na anaimba vibaya kama wewe. Juzi tulipokuwa tunachambua mboga alisema: “Mama mudogo akirudi, yeye njo apike. Miye nitakula wa kwanza, bantu bote banione.” Papa Bora alikuwa anasikia. Akatoka nje, akarudi na kuni, akaziweka karibu na jiko, akaketi akazitazama. Unamujua, maneno yake ni hayo. Na Mama amesema siku ya mugomba hatatoka. Atajifungia ndani na rozari yake, na atakayemulazimisha kulia atamupiga na kiti.

Lakini Papa mukubwa hasikii maneno yangu wala ya Mama. Anataka neno lako mwenyewe, ao la muntu aliyelisikia kinywani mwako. Najua hukusoma. Huyu katekista anayekusomea, baki naye mukishatoka, umuambie, yeye ataandika. Kama hutaki kurudi, sema hutaki. Kama una hasira na sisi, tutukane, tutapokea. Kama unataka tu kuuliza juu ya Bora, uliza. Usikae kimya tu.

Maharagi yameanza kukauka shambani. Watu hawawezi kumuzika muntu aliyejibu. Nijibu upesi.

Mimi dada yako mukubwa,
Mama Bora